Nitoshe Zote?

Treni za kwenda kitongoji cha Liverpool zilikuwa zimesimama. Tangazo lilirudiwa mara kwa mara, na kituo cha Granville kilizidi kujaa watu waliokunja nyuso wakitazama ubao wa taa. Kwenye benchi ya chuma alikaa Falone Nabintu, laptop magotini, sare yake ya bluu ya kuhudumia wazee ikichungulia chini ya koti la jinzi, kichwani kitambaa cha kitenge rangi ya haradali. Treni hazikumshughulisha. Alikuwa akigombana na kompyuta.

"We chuma, unataka nikufanyie nini tena?"

Nyuma yake alisimama Kiptoo Kosgei, kijana mrefu wa Eldoret, shati limepigwa pasi, kitambulisho cha ofisi kikining'inia shingoni. Kazi yake, katika jengo moja la Parramatta, ilikuwa kupokea simu za wafanyakazi ambao kompyuta zao zimekataa kazi. Aliposikia Kiswahili aliinama kidogo, akaona kioo cha laptop, kisha akaona kidole cha yule dada kikielekea kwenye swichi.

"Usiizime," alisema.

Falone aligeuka. "Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Lakini ukiizima saa hii, itaharibika kweli."

"Inasema iko na kufuli. Mimi sikufunga kitu."

"Ni yenyewe imejifunga. Kuna programu ndani inaweka masasisho kimyakimya, na imefunga mlango ili nyingine isiingie. Wapishi wawili kwa sufuria moja watamwaga mchuzi. Iache imalize."

"Itamaliza wakati gani?"

"Kabla ya treni yako, vile naona mambo hapa."

Falone hakutaka kucheka, lakini alicheka. Punde ujumbe wa kufuli ukatoweka, naye akaandika tena amri iliyokuwa imekataliwa, ikakubali. Alipoinua macho, Kiptoo alikuwa ameshika simu yake mkononi kama mtu aliyesahau alichotaka kuifanyia.

"Wakenya wote munaomba namba hivi?"

"Wengine husubiri treni ifike. Mimi ni mwoga, naogopa itafika."

Alimpa namba.

Laptop ile ilikuwa ya zamani. Windows ilipoanza kuilemea, Égide, Mkongomani mwenzake wa kanisani, aliifuta akaweka mfumo mwingine, Linux, ikawa nyepesi kama mpya. Kisha Égide akahamia Perth, na tangu hapo kila ilipogoma Falone alitafuta majibu mtandaoni, akanakili amri za watu asiowajua na kuomba Mungu. Sasa alikuwa na Kiptoo. Mwanzoni waliongea habari za kompyuta tu. Baadaye kompyuta ikawa kisingizio.

"Chéri, imeandika maneno mengi mekundu," Falone angesema kwenye simu, akiwa amejilaza kwenye kochi.

"Nisomee mstari wa mwisho."

"Wa mwisho unasema niko nakukosa."

"Hiyo haina dawa ya simu. Nakuja."

Kiptoo angekuja Fairfield, watembee sokoni kati ya mafungu ya mboga za Kivietinamu, wakinywa kahawa na kutaniana. Kiswahili cha Falone kilitoka Uvira, kimechovywa katika Kifaransa. Cha Kiptoo kilikuwa cha shule na cha mitaa ya Eldoret. Falone aliita mchicha lengalenga. Kiptoo alisema "maze", kama wengine wasemavyo "bwana", katika kila sentensi. Walicheka, wakasahihishana, wakaamini kwamba wameshamaliza kujuana maneno yote.

Jambo moja Falone hakulifanyia mzaha. Mwaka uliopita mama yake, Mama Spéciose, alilazwa, na daktari akapiga simu ya wakalimani. Mama akasema, "Roho inanipiga mbio, inataka kutoka." Sauti kwenye simu ikamwambia daktari kwamba mgonjwa ana wasiwasi moyoni. Daktari akamtuliza mama kwa maneno mazuri na karibu amrudishe nyumbani. Falone alifika akitokea kazini, akaeleza kwa Kiingereza kwamba ni moyo wenyewe unaokwenda mbio, na vipimo vikaonyesha hivyo. Tangu siku ile aliamua kusomea ukalimani. Alisoma wakati wazee aliowahudumia wamelala mchana. Mtihani wake ungefanyika mtandaoni Jumamosi moja ya Julai, kwa kompyuta iliyokaguliwa na kusajiliwa mapema. Hakuna kuazima nyingine. Ambaye angekosa angesubiri hadi mwaka mwingine.

Wiki ya mtihani, maikrofoni ya laptop ilianza kukwaruza.

Falone alijirekodi akakisikia kikwaruzo chini ya kila neno, kama mtu anayepaa samaki. Hakutaka kumsumbua Kiptoo, maana ofisi yao ilikuwa inahama kutoka mfumo mmoja wa kompyuta kwenda mwingine na alikuwa akirudi amechoka. Akapata ukurasa mtandaoni uliosema: ongeza chanzo hiki cha programu mpya za sauti, kisha sasisha. Akaongeza. Akasasisha. Kompyuta ikajibu kwamba vifurushi vya programu vimevunjika na haviwezi kukaa pamoja.

Alhamisi jioni, kesho kutwa yake ikiwa ni mtihani, alishindwa kuvumilia. Akapiga simu.

Kiptoo alipokea akiwa bado ofisini. Simu ya mezani ilikuwa ikilia, taa nyekundu za watu wanaosubiri zimejaa kwenye kioo chake, na meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha jirani.

"Babe, haraka kidogo. Niko kwa moto hapa."

"Kiptoo, mi niko naogopa. Nimeandika ile amri ya kurekebisha uliyonifundisha. Sasa inaniuliza."

"Inauliza nini?"

"Inaniletea majina mengi. Ya sauti, ya dirisha, ya netiweki. Ni mengi sana. Nitoshe zote?"

Meneja alikuwa amegeuka. Kiptoo alifunika simu kwa kiganja, akamwonyesha dole gumba, akarudi.

"Ati?"

"Nasema, nitoshe zote?"

"Ee, zinatosha. Bonyeza tu ndiyo."

"Uko na hakika?"

"Falone, zinatosha. Nitakupigia."

Alibonyeza. Majina yakaanza kupita kwenye kioo, mbio, moja juu ya jingine, na alipokuwa akiyatazama moyo wake ulimwambia kwamba jambo hili si zuri. Kisha picha ya nyuma ya kioo, ile ya ziwa la kwao, ikazimika. Madirisha yote yakaondoka. Kioo kikawa cheusi, na juu kabisa, pembeni, kistari kidogo cheupe kikawa kinawaka na kuzima.

Alipiga simu tena na tena. Kiptoo alipokea mara ya nne, akiwa amesimama kwenye korido.

"Kila kitu kimeondoka," Falone alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hakuna dirisha. Hakuna sauti. Hakuna netiweki."

"Umefanya nini?"

"Nimebonyeza ndiyo, vile uliniambia."

"Sikukuambia uondoe kitu. Nani anaondoa mazingira yote ya kompyuta siku mbili kabla ya mtihani? Si hata uliona majina?"

"Nilikuuliza. Mara mbili nilikuuliza."

"Uliniuliza kama zinatosha."

"Sikuuliza hivyo."

"Falone, mimi nilisikia na masikio yangu." Alikuwa amechoka, na uchovu una ulimi mkali. "Na wewe ndiye unataka kuwa mkalimani?"

Alijua alichosema kabla hajamaliza kukisema. Falone akasema, "Merci, Kiptoo," kwa upole uliotisha kuliko makelele, akakata.

Usiku ule Kiptoo alituma ujumbe wa kuomba msamaha, na mwingine. Hakuna uliosomwa. Falone alikuwa amezima simu, amelala ubavuni mwa mama yake kama mtoto, macho makavu. Lililomuuma halikuwa kioo cheusi. Lilikuwa lile swali, kwa sababu yeye mwenyewe alijiuliza kila siku. Nani alimdanganya kwamba anaweza kubeba maneno ya watu wengine?

Ijumaa Kiptoo aliomba ruhusa mapema, akapanda treni kwenda Fairfield. Upepo wa baridi ulikuwa unapeperusha karatasi kando ya maduka ya nguo. Alipitia makosa yote ya kompyuta aliyowahi kukutana nayo, akayapanga kichwani, na bado hakuelewa. Falone hakuwa mzembe. Kwa nini aondoe kila kitu, kisha aseme aliambiwa?

Mama Spéciose alifungua mlango. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, amejifunga kitenge juu ya sweta mbili, na miguuni soksi nzito za sufu.

"Shikamoo, mama."

"Karibu, papa, karibu baba. Falone ameenda kazini, atarudi sasa hivi. Ingia. Tosha viatu."

Kiptoo alitazama viatu vyake. "Vinatosha, mama. Ni saizi yangu."

"Ndiyo. Tosha."

"Vinanitosha vizuri, mama."

Mama alimtazama kwa muda, kama anayepima homa. Kisha akainama, akagonga kiatu kimoja kwa kidole, akaashiria kivuliwe na kuwekwa ukutani, mahali vilipopangwa viatu vingine. "Tosha. Nyumba ni ya kapeti, papa. Kwenu munaingia na viatu?"

Kiptoo alibaki ameinama, kamba ya kiatu mkononi.

"Mama," alisema polepole, "kutosha ni kuvua?"

"Kuvua, kuondoa, kutoa. Tosha sufuria kwa moto. Tosha mwiba. Ninyi munasemaje?"

"Sisi tunasema kutosha ni kuwa ya kutosha. Kwamba haihitaji kuongezwa."

Mama Spéciose alianza kucheka, lakini alipoiona sura ya kijana aliacha. Kiptoo alikuwa ameketi sakafuni mlangoni, kiatu kimoja kimevuliwa, kingine bado mguuni. Ile jioni ya jana ilimrudia yote, neno kwa neno. Nitoshe zote? Nami nikasema ndiyo.

Chai ilikuwa imepoa mbele yake Falone alipoingia. Alimwona, akasimama, mkoba bado begani.

"Umefuata nini?"

"Kukuomba msamaha. Kisha kompyuta, ukikubali. Usipokubali, nitaondoka."

"Ya nini msamaha? Si nilisikia vibaya?"

"Ulisema sawa. Uliuliza kama uondoe, na mimi nikakujibu kwamba ni za kutosha. Mama amenifundisha hilo neno hapo mlangoni."

Falone alimgeukia mama yake. Mama aliinua mabega. "Nilimwambia tu avue viatu."

Falone alishusha mkoba. Alikuwa akirudia ile simu kichwani, na polepole uso wake ukabadilika kutoka hasira kwenda hofu. "Basi ni mimi. Neno moja, na sikujua kwamba wengine hawalijui. Kesho watanipa mgonjwa wa Mombasa, nitamuua."

"Hapana. Nisikilize." Kiptoo alisimama. "Neno si kisingizio. Ulisema majina ni mengi, ya sauti, ya dirisha, ya netiweki. Mtu aliyekuwa anasikiliza angeshtuka hapo, hata kama hajui Kiswahili kabisa. Mimi nilikuwa namtazama bosi. Hata ungeniuliza kwa Kikalenjin ningesema ndiyo. Kisha nikakutukana ili kosa lisikae kwangu."

"Ulinitukana pahali panaponiuma."

"Najua."

"Haujui. Mi najiuliza ile swali kila siku, Kiptoo. Nilikuwa nangojea tu mtu aiseme kwa sauti. Ikakuwa wewe." Alivua koti, akalitundika. "Sitalisahau upesi. Lakini mtihani ni kesho asubuhi. Njoo."

Waliiweka laptop kwenye meza ya jikoni. Kistari cheupe kiliwaka na kuzima. Kiptoo alivuta kiti chake nyuma, mikono akaiweka magotini.

"Andika wewe. Mimi nitasema, na wewe utaniambia itafanya nini kabla ya kubonyeza."

"Na nikikosea?"

"Hatubonyezi."

Netiweki ya hewani ilikuwa imeondoka pamoja na vingine, kwa hiyo Mama Spéciose alitoa kwenye droo waya wa intaneti uliokuja na modemu, wakauvuta kutoka sebuleni hadi jikoni. Falone aliandika amri ya kurudisha mazingira yote ya kompyuta. "Hii inaongeza," alisema. "Haiondoi kitu." Kiptoo akaitikia. Akabonyeza.

Kompyuta ilikataa. Vifurushi vinavyotegemeana havikubaliani, ilisema, na ikamwaga orodha.

Falone alijishika kichwa. Nje jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya nyumba za jirani, na mama, bila kuulizwa, alianza kuosha mchele polepole ili asipige kelele. Kiptoo alijaribu njia ya pili. Ikakataa. Ya tatu pia, na Falone aliona shingo ya Kiptoo ikianza kutoa jasho katika baridi ile.

"Niambie ukweli," alisema. "Inaweza kukataa mpaka kesho?"

"Inaweza. Tunaweza kuifuta na kuiweka upya, lakini ile programu ya ukaguzi ya mtihani itaiona kama kompyuta nyingine." Alifuta paji la uso. "Soma tena hiyo orodha. Kwa sauti. Usiruke."

Alisoma. Alisoma kama alivyofunzwa darasani, bila kuongeza, bila kupunguza. Majina mengi yalikuwa na namba za toleo zinazofanana. Akafika kwenye moja, akarudi nyuma.

"Hili. Maktaba ya programu za sauti. Namba yake ni kubwa kuliko za wenzake, na mwisho wake kuna jina la mtu."

"Jina gani?"

Akalitaja. Kisha akanyamaza, kwa sababu alilijua. Lilikuwa jina la ule ukurasa wa mtandaoni. "Ni ile chanzo niliongeza juu ya kikwaruzo. Sikukuambia. Niliona umechoka."

Kiptoo alifumba macho. Alipoyafumbua hakuwa na hasira, alikuwa amefarijika. "Ndiyo maana. Hicho kitu ni kipya kuliko vingine vyote, vingine havikitaki, ndiyo sababu kompyuta ikataka kuviondoa. Tukifuta kile chanzo na kuirudisha maktaba ya zamani, vingine vitakubali."

Aliandika. Akaeleza. Akabonyeza. Safari hii majina yalipita yakisema yanawekwa, na yaliendelea kupita mchele ulipochemka, mpaka mama alipopakua wali na samaki, na hakuna aliyekula hadi ziwa lilipotokea tena kwenye kioo.

Falone alijirekodi tena, na kikwaruzo kilikuwa palepale. Kiptoo aliichomoa chaja ukutani, kikanyamaza. "Umeme wa hiyo chaja ni mchafu. Kesho ijaze kwanza, kisha fanya bila waya."

"Yaani yote haya ni chaja?"

"Yote haya."

Falone aliinamisha uso juu ya meza, mabega yakamtikisika. Kiptoo hakujua kama analia au anacheka. Alikuwa akifanya yote mawili.

Asubuhi ya mtihani alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, ingawa kamera ingemwonyesha mabega tu. Kiptoo na Mama Spéciose walikaa kwenye ngazi za nje, chini ya blanketi moja. Kupitia mlangoni walisikia sauti ya Falone ikipanda na kushuka, Kiswahili, Kiingereza, kisha Kiswahili tena. Mara moja ilikatika. Kiptoo alishika ukingo wa ngazi hadi vidole vikamuuma. Mama aliweka mkono kifuani pake mwenyewe, akasema sala kwa midomo tu. Kisha sauti ikaendelea.

Alipotoka alisimama nyuma yao. "Sijui," alisema. "Kuna pahali nilisimama. Sijui kabisa." Akaketi katikati yao, na blanketi likawatosha kwa shida.

Majuma yaliyofuata yalikuwa marefu. Walirudiana, lakini kwa tahadhari, kama watu wanaotembea na kikombe kilichojaa. Falone alikuwa akinyamaza ghafla katikati ya maongezi, na Kiptoo alijifunza kutomharakisha. Alijifunza pia kuweka simu ya kazini chini, kifudifudi, Falone anapoongea.

Matokeo yalifika Jumamosi moja wakiwa sokoni Fairfield, Kiptoo amebeba mfuko wa viazi vitamu, Falone akichagua pilipili. Simu ikalia mara moja. Aliisoma, akabaki ameganda na pilipili mkononi, muuzaji akimsubiri.

"Umeanguka?" Kiptoo aliuliza.

Alimpa simu. Kiptoo alisoma mwanzo, akasoma mwisho, akaanza tena mwanzo. Kisha akaweka mfuko chini, kati ya masanduku ya embe.

"Kuna kitu nilitaka kukuuliza," alisema. "Nilisubiri matokeo. Ungeanguka nikuulize, ungefikiri ni huruma. Sasa umepita, naona utafikiri namfuata mkalimani."

"Uliza tu."

"Ningependa wazee wangu waje kumwona mama yako. Mjomba yuko Melbourne, yuko tayari kusafiri. Nataka kukuoa, Falone."

Watu waliwapita pande zote na mikokoteni yao. Falone alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Julai hakutafuta kosa ndani ya maneno aliyoyasikia. Aliutia mkono wake ndani ya mkono wa Kiptoo.

"Waje Jumapili," alisema. "Jumamosi naweza kuwa na kazi ya ukalimani."

Kisha akamlipa muuzaji pilipili zake, na wakaenda kumwambia mama.